Wameniita Mtu wa Makamo

Kikuyu, Dodoma
Tarehe 9 Juni 1912

Mpendwa mpwa wangu Elieza,

Salamu sana. Je, u mzima huko Tanga? Na mama yako Loisi, dada yangu, miguu yake yaendeleaje? Sisi huku wazima, mtama tumevuna. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia kalamu. Wazee wengine hapa hata jina lao hawaliandiki.

Sasa nikwambie jambo lililonikaa kooni. Akida alikuja kuchagua watu wa kuvunja mawe barabarani. Wazee wanaachwa. Lakini miaka yetu nani anaijua? Basi anauliza ndugu wa mtu: huyu ni mzee, au wa makamo? Wa makamo ni yule ambaye ujana umemtoka na uzee haujamfika. Huyo anakwenda.

Akamuuliza Matonya, mdogo wangu. Matonya akasema, "Huyu? Wa makamo tu, bwana. Juzi kamwangusha dume peke yake." Watu wakacheka. Dume nilimwangusha kweli, hapa hakuna mwingine awezaye. Ila yeye alikuwa ameshika fimbo, mgongo kaupinda, akajiita mzee, akaachwa.

Elieza, jandoni Matonya nilimshika mimi, nikamfumba macho kisu kilipokuja. Mimi nilikuwa nimeshaoa. Na mwaka wa sotoka, ng'ombe wake walipokwisha, nilimpa mtamba wangu. Zizi lake lote limetoka kwa mtamba yule.

Mawe siyaogopi. Kinachoniuma ni kigoda cha baba, ambacho hukaliwa na mkubwa wetu. Tangu siku ile, kwenye pombe anakikalia yeye, kibuyu kinaanzia kwake. Nikinyoosha mkono anasema, "Ngoja, wewe wa makamo."

Mke wangu Anyesi ananiambia niende kwa akida, nikohoe kidogo, niiname. Siinami. Nitavunja mawe, na vijana watajionea.

Ila mwambie mama yako, yeye ndiye aliyetubeba sote wawili mgongoni. Miguu ikimruhusu, aje. Kwa akida asiende. Aje penye pombe, Matonya akiwa amekaa pale juu, aseme mbele ya watu nani alimtangulia nani.

Nisalimie mkeo Ruthu na mjukuu wangu Gideoni. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo.

Ni mimi mjomba wako, nisiyeacha kukupenda,

Mzee Bartolomayo