Lundo la Jumamosi Tatu

Mjukuu wangu Mwayuma,

Barua yako imenikuta hapa mtaani Mangobo nikiwa mzima. Mama yako amepona homa, na kuku wako ametotoa. Unauliza kwa nini nakataza maganda ya muhogo kuzikwa shimoni.

Nilikuwa mwanafunzi, wakati wa Zaire. Kila Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya lazima ya usafi, tukizika taka za soko. Mvua iliponyesha, shimo lilitoa mapovu yanayonuka: ndiyo gesi mnayofundishwa leo kwamba inapasha dunia joto. Nikaomba taka tuzilundike juu ya ardhi, zipate hewa.

Papa msimamizi, ndivyo tulivyomwita mzee aliyesimamia salongo, akanipa Jumamosi tatu. Lundo likiwa bado linanuka ya tatu, turudi shimoni. Ya kwanza lilinuka kweli, maana niliweka maganda mabichi peke yake.

“Ee, citoyenne, unapika buchafu ao?” papa akanitania, akiniita “mwananchi” kwa Kifaransa kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule.

Sikuacha. Nilichanganya majani makavu, nikalipindua kila asubuhi.

Jumamosi ya tatu papa alichota kidogo, akanusa, akanusa tena.

“Bon. Iko udongo tu.” Kisha akawageukia wenzangu: “Mufunike ile shimo.”

Ukija likizo, utalipindua lundo la kwangu.

Koko wako