Binti Yangu Yuko Kwenye Kundi Langu, na Natakiwa Nimpe Maksi

Mshauri mpendwa, salamu nyingi, nakuandikia nikiwa kwenye gari la kazini nasubiri wenzangu watoke kula, naomba unishike mkono maana sina mwingine wa kumwambia jambo hili, na yule wa nyumbani ambaye ningemwambia ndiye mwenye jambo lenyewe.

Mimi ni fundi umeme, nimefunga nyaya kwenye majengo tangu kijana, na mwaka huu kampuni ikatuambia msimamizi asiye na diploma atarudishwa kuwa fundi wa kawaida, kwa hiyo nikajiandikisha chuo, masomo ya alasiri, na chuo chenyewe ndicho anachosoma binti yangu wa pekee, yeye naye ndio kwanza kaanza, anachukua uhasibu, tunaishi wawili tu tangu mama yake alipoolewa kwingine. Nilifurahi nikidhani tutakuwa tunakwenda na kurudi pamoja, lakini siku nilipomwambia aliweka kijiko chini akasema, "Baba, naomba kitu kimoja. Tukiwa chuoni usinijue." Nikamuuliza nisikujue vipi, akasema, "Tusalimiane tu kama watu," nikakubali, hata nikacheka, nikajiambia ndio umri wao, ana marafiki zake, nani anataka baba yake amkalie kooni. Na kwa kuwa shule aliandikishwa kwa jina la upande wa mama yake, hakuna aliyetuhusisha.

Sasa kuna somo la stadi za mawasiliano ambalo kila wa mwaka wa kwanza lazima alisome, awe wa umeme awe wa uhasibu, kwa hiyo tukajikuta darasa moja. Mimi nakaa mbele kwa sababu ya macho, viti vya kushoto na kulia kwangu havikaliwi na mtu, chakula nakula peke yangu kabla ya kipindi, vijana wakipita wananiamkia "Shikamoo mzee" kisha wanakwenda nyuma kwa wenzao, na binti yangu naye hupita akaniamkia hivyo hivyo, "Shikamoo mzee," namwitikia marahaba, na sijui nikueleze vipi mshauri, shikamoo ile naipata nyumbani kila asubuhi, lakini pale inanipita kama ya mtu wa njiani.

Mwalimu wetu ni mama asiye na mchezo. Siku ya kwanza alitusomea sheria zake, simu ikilia unatoka nayo na hurudi, kazi ikichelewa haipokelewi, kuchangia darasani kuna maksi zake, na kazi ya kundi ina maksi nyingi kuliko zote ukiacha mtihani, tena humo kwenye kundi tutapeana maksi sisi kwa sisi, kwa siri, kila mmoja amwandikie mwenzake amestahili ngapi kati ya kumi na kwa nini, na atakayepewa na wenzake chini ya nusu atarudia somo zima mwakani. "Ukijikuta kundi moja na ndugu yako, mchumba wako, au mtu mliyegombana naye, njoo uniambie mapema niwatenganishe," akasema. "Sitaki kuja kusikia baadaye." Akachanganya majina, akatugawa, mimi na binti yangu tukaangukia kundi moja na vijana wengine watatu. Nikageuka kumtazama. Akatikisa kichwa kidogo sana. Nikanyamaza.

Kazi ilikuwa kwenda duka la vifaa vya ujenzi, kusikiliza wauzaji wanavyozungumza na wateja, kuandika ripoti, kisha kila mtu asimame mbele awasilishe sehemu yake. Vijana wale walijituma, walitembea juani, wakaandika wakafuta wakaandika tena. Binti yangu hakutokea hata mara moja. Nyumbani nikimwambia kundi linakutana kesho anasema "Najua," mlango unafungwa. Kiongozi wetu, kijana tunayemwita Kapteni, akasema juzi mbele ya wenzake, "Yule dada tumpe sifuri yake aende nayo. Mzee unasemaje?" Nikasema tusubiri kidogo. Akacheka, "Mzee una huruma wewe, hata humjui."

Mshauri, nilikuwa namwona mvivu, na nilikuwa na hasira naye, lakini nakumbuka mwanzoni mwa muhula kila mmoja aliambiwa asimame ajieleze, na yeye aliposimama sauti ilimkauka, mdomo ukawa unatembea na neno halitoki, darasa likaangua kicheko, mwalimu akamwambia akae, na mimi nilikuwa kiti cha mbele kabisa, sikugeuka, nilitazama meza. Halafu wiki iliyopita nilikuwa nakata njia nyuma ya karakana nikamkuta kwenye ngazi za stoo, anakula chakula alichotoka nacho nyumbani, peke yake, ameegemea ukuta, na kila anaposikia hatua za watu anajifanya anasoma simu. Nilidhani ananificha kwa marafiki zake, kumbe hana hata rafiki wa kunificha. Hakuniona. Nikarudi nyuma nikazunguka jengo zima ili asijue nimemwona.

Karatasi za maksi zinakusanywa Ijumaa. Nikimpa sifuri, ni haki, na nimemmaliza mwanangu kwa kalamu yangu. Nikimpa kumi, wale vijana nitawatazamaje? Nikienda kwa mwalimu nitakuwa nimevunja ahadi yangu kwake, na sheria nimeshaivunja. Nifanye nini?

Fundi wa kiti cha mbele

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Naitanguliza pole kwa sababu nikimaliza nitakugombeza. Mtu mzima kurudi darasani na watoto wa kuwazaa si jambo dogo, na kuamkiwa na damu yako kama mpita njia kunauma, hata kama ulikubali kwa kicheko.

Sasa nisikilize. Mko kwenye somo la mawasiliano, na nyumbani mnaishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Umeniandikia barua ndefu kuhusu binti yako, mimi ambaye hata sura yako siijui, na yeye hujamwambia sentensi hata moja kati ya hizi. Tena ulimkuta kwenye ngazi ukazunguka. Ukaona aibu yake ukaiheshimu kuliko yeye mwenyewe! Ungekuta waya unatoa cheche ungezunguka jengo?

Maksi kwanza, maana ndizo ulizoniuliza. Kumi usimpe. Utakuwa umewaibia vijana waliotembea juani, na binti yako atajua kwamba hata baba yake anaona hawezi kupata kitu kwa jasho lake. Sifuri nayo usimwandikie, si kwa sababu haimstahili, bali kwa sababu wewe huna ruhusa ya kumpima. Mwalimu alisema waziwazi, ndugu aseme mapema. Hukusema. Kwa hiyo mbele ya jina lake usiandike kitu, na usiwashawishi wale vijana waandike wasichokiamini.

Leo ukifika nyumbani gonga mlango wake. Usianze na kundi, usianze na Ijumaa. Mwambie ulimwona anakula peke yake, na kwamba wewe pia huko unakula peke yako. Kisha nyamaza, ndugu yangu. Nyinyi mafundi mkiona kitu kimeharibika mikono inawasha. Hiki usikiguse. Akilia mwache alie. Akikufukuza, simama koridoni.

Akishatulia, mwambie kesho unakwenda kwa mwalimu kusema ukweli, akitaka aje, asipotaka asije, lakini hutakwenda kwa kumficha. Ahadi ya kutomjua ilikuwa mbaya tangu mwanzo na unairudisha mikononi mwake. Kwa mwalimu sema kosa lako tu. Habari ya sauti yake ni yake, mwachie aiseme mwenyewe. Na msiombe huruma. Mkipewa adhabu, pokeeni. Kurudia somo hakujawahi kumuua mtu. Kinachonitisha mimi ni msichana anayekula akisikiliza nyayo za watu.

BAADAYE

Jibu hilo sikungoja litoke gazetini, nilimtumia fundi kwenye simu yake kabla ya Ijumaa. Sasa ameniandikia tena, na ameniruhusu nichape.

"Mshauri, niligonga. Akasema 'Nimelala,' na taa inawaka. Nikayasema yale maneno nikiwa upande huu wa mlango, maana niliogopa nikiona uso wake nitayasahau. Halafu akauliza, 'Huwa unakula wapi?' Nikamwambia kwenye gari, kabla sijaingia darasani. Akasema, 'Kwenye gari, baba?' akafungua.

"Kwa mwalimu tulikwenda wote. Alikasirika. Mimi alinikata maksi kwa kunyamaza, yeye akamwambia atarudia somo mwakani, kazi ya kundi hakuifanya na hakuna namna ya kuizunguka. Binti yangu hakubisha, ila alimwomba mwalimu nibaki nje ya mlango kidogo, wakazungumza wenyewe. Sikuuliza walizungumza nini. Tuliporudi alininunia, siku zikapita hanisemeshi, nikajua nimeharibu kila kitu, nikakulaumu na wewe kimoyomoyo, unisamehe.

"Jumapili nilikuwa napiga pasi sare zangu za kazi, akaja ameshika karatasi. Akasema mwalimu amemruhusu awe anakwenda ofisini kwake kujizoeza kuwasilisha, lakini anataka kuanzia hapa. Akasimama karibu na friji, akaanza kunieleza namna duka dogo linavyotunza hesabu zake. Katikati sauti ikakatika. Sikumtazama, sikumsaidia neno, nikaendelea na kola ya shati mpaka sauti ikarudi yenyewe. Alipomaliza nikamuuliza swali, na kweli sikuwa nimeelewa, akanijibu vizuri tu, halafu akabaki amesimama palepale. Sasa hapo mshauri sikujua nifanye nini."

Muulize swali la pili, fundi.