Mto Kizinga Ulipogeuka

Shikamoo Bibi,

Nakuandikia kucha zikiwa bado na tope. Leo mimi na Shangazi tulifuata Mto Kizinga kwa miguu, tukapita kwenye matete na mabwawa hadi kwenye mikoko. Huko nikaona majani makavu yanaelea kurudi tulikotoka. Niliona aibu kusema. Mwishowe nikanong'ona, "Shangazi, mto unarudi nyuma."

"Mto haurudi, mwanangu. Twende."

Mama mmoja aliyekuwa akitafuta kaa akatupigia ukelele: "Nyie wa bara! Bahari inajaa hiyo, kimbieni!"

Kijito tulichovuka kikiwa kikavu sasa kilitufika kifuani, na sote hatujui kuogelea. Tulishikana viuno, tukavuka. Shangazi akaniambia, "Siku nyingine piga kelele."

Nimeahidi, Bibi, ingawa sauti yangu unaijua ilivyo ndogo. Jifunike vizuri, baridi isikupate.

Mjukuu wako,
Rehema