Tuonane Oktoba

Trois-Rivières,
14 Aprili 1987.

Mpendwa kaka Réal,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye tope la theluji. Goti lako limepona? Sisi wazima, ila Baba anakohoa na dawa hataki. Mimi usingizi sina, na utaona kwa nini.

Timu yetu ya hoki imeuzwa, kaka. Inahamia Marekani. Wiki nzima ilikuwa siri, nami niliijua kwa sababu mume wangu Fernand aliitwa na wenye timu, yeye na rafiki yake Gaétan anayetangaza kwenye runinga. Waliambiwa wafunge matangazo ya mechi ya mwisho kama kawaida: "Tuonane Oktoba," msimu mpya unapoanza. Atakayetii atahama na timu na kazi yake. Atakayeropoka, shauri yake.

Unamjua Fernand. Miaka kumi na tisa redioni hajawahi kumpa mtu goli ambalo halikuingia. Lakini tuna watoto watatu! Asubuhi ya mechi nilimfunga skafu nikamwambia, "Sema tu, baba watoto. Ni maneno mawili." Nilijichukia siku nzima.

Jumamosi mchana tulikaa jikoni na Baba kama ulivyotuacha: runinga tumeizima sauti, macho kwenye picha, masikio kwa Fernand redioni. Mji mzima ndivyo unavyofanya. Tukafungwa mbili kwa moja. Kisha redio ikanyamaza. Baba akagonga meza, "Mkwe wangu kameza ulimi?"

Ndipo akasema, "Jamani, Oktoba msinisubiri. Timu imeuzwa. Siwezi kuwaaga kwa uongo." Wakamkatiza kwa muziki. Kwenye kioo cha runinga Gaétan alikuwa anatabasamu, midomo inacheza.

Fernand alifukuzwa kazi kabla hajavaa koti. Nililia kwa hofu, nikalia tena kwa fahari.

Jana Gaétan alikuja kuaga na kopo la asali ya utomvu wa mti wa mepo. Alikaa kwenye kiti chako, kofia hakuvua. Akamuuliza Baba, "Mzee, umenikasirikia kwa nilivyosema?"

Baba akamtazama kwa huruma kabisa. "Ulisema nini, mwanangu? Humu ndani sauti yako hatujawahi kuifungulia."

Aliondoka bila kumaliza kahawa yake.

Wasalimie wifi yangu Huguette na mapacha. Ukisikia redio yoyote huko Vancouver inatafuta mtu asiyejua kudanganya, nipigie hata saa ya misa. Mungu awafunike.

Dada yako akupendaye,
Ghislaine