Upepo wa Mukono wa Kuume

Kalemie, 5 Julai 1992

Binti yangu Denise,

Homa ya mutoto imekwisha? Na mukono wa Eugène, mufupa umeanza kuunga? Huku tuko wazima. Goti langu tu linalalamika, lakini hilo linalalamika tangu ulipokuwa tumboni.

Kumbe baba mukwe wako, Papa Évariste, amesema ukimutangulia kwenye shindano la tanga la kumi na tano Agosti, utaendelea kushika usukani wa mashua ya mume wako. Ukishindwa, anamupa Alphonse, mudogo wa Eugène. Na shauri unaniomba mimi, niliyeosha mashua za klabu ya mashindano ya tanga miaka sita nikashindana mara moja!

Haya. Mashua mbili zikikatana njia, yule anayepigwa na upepo upande wa kuume njo mwenye njia, mwingine anamupisha. Kwa hiyo panga kukutana naye upepo ukiwa kuumeni kwako, halafu piga kelele mapema: "Kuume!" Ukiwa kushoto, usibishane. Pinda mapema, pita nyuma yake bila kupoteza mwendo. Mimi siku ile nilikuwa na haki, nikaishikilia mpaka tukazama pamoja, mimi na haki yangu, mama yako akiangalia kutoka ngazi ya bandari. Alinikubali kwa huruma tu.

Baba yako

Moba, 19 Julai

Papa mupendwa,

Mutoto anacheza, Eugène anasumbua kama mutoto. Pole na goti.

Kanuni hiyo huku pia wanaifuata, na asiyeita hapishwi. Lakini Papa, nimupigie kelele baba mukwe? Jina lake sijalitamka hata siku moja! Tukikutana njia ya kisima ninajifunika kitambaa usoni, naye anaingia majanini, anatazama kando mpaka nipite. Mama mukwe anacheka: "Utamwita nani huko majini, samaki?" Nifanye nini? Bila mashua ile nitabaki kuanika dagaa za wengine.

Binti yako

Kalemie, 2 Agosti

Denise mama,

Tunaendelea vizuri, goti nalo linakusalimu. Nimefikiri siku nne. Klabu haikunifundisha mambo ya wakwe. Pita nyuma yake tu, usijiletee aibu. Nitakuja mwenyewe kumwomba, nikipiga goti lile zima.

Baba yako

Moba, 20 Agosti

Papa,

Tuko wazima sana. Barua yako imefika jana, shindano limepita na tanga langu limekwisha kukauka. Afadhali ilichelewa!

Mara ya kwanza upepo ulikuwa kushoto kwangu. Nilipita nyuma yake kama ulivyonifundisha. Mara ya pili ulikuwa kuumeni, naye anakuja moja kwa moja. Kumwita baba mukwe sikuthubutu. Alikuwa karibu hata nikaona viraka vya tanga lake. Kwa haya tu, Papa, mukono wenyewe ukavuta kitambaa, nikajifunika uso. Naye, kama kwenye njia ya kisima, akageuza uso kando, na usukani ukamufuata! Mashua yake ikatoka njiani, tanga likapigapiga bure. Mimi nikapita, nikamutangulia kufika.

Pwani watu walilala chini kwa kucheka. Yeye alinipa mugongo, akamwambia mama mukwe: "Mwambie mwenye mashua, mwaka ujao kitambaa kibaki nyumbani."

Mwenye mashua, Papa! Njo mimi.

Jumamosi ya pili ya Septemba tunaleta samaki Kalemie. Usimame kwenye ngazi ya bandari, pale mama aliposimama. Mimi nitakuwa usukanini, uso wazi.

Binti yako