Gomesi ya Mrithi

Jumapili, 3 Agosti

Mkono wa kushoto wa gomesi umekataa tena. Kilele chake kinalala badala ya kusimama. Nimeufumua mara tatu. Gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Kiganda, ndiyo nguo pekee ambayo Mama hakuwahi kuniachia nimalizie. Alisema mabega yake hayataki haraka.

Sasa namshonea Nansubuga, mtoto wa mjomba. Jumamosi, kule kwao Nateete, ukoo utamketisha mkekani awe mrithi wa Mama, aliyefariki Februari. Mrithi wa mwanamke hutoka katika ukoo wake mwenyewe. Mimi si wa ukoo huo; ukoo hufuata baba, na baba yangu ni Mkenya. Kwa hiyo yeye, wa miaka kumi na tisa, atakuwa Mama. Mimi, wa ishirini na saba, nitapiga magoti nimwite hivyo.

Nilijitolea mbele ya watu wote kuishona. Zawadi yangu kwake, nilisema. Sijui nilitaka kumwonyesha nani nini.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekata kitambaa cha kiunoni na mgongoni. Mkono haukusita hata kidogo. Muda mrefu sijafanya kitu kwa uhakika namna hiyo.

Baba alisimama mlangoni akinitazama. "Kwetu mtu akifa, amekufa," akasema. Kisha: "Na mimi huyo msichana nimwite nani? Mama watoto?" Akacheka peke yake. Akaenda kukaa nje.

Jumatano, 6 Agosti

Nansubuga alikuja kujaribu, pamoja na mama mdogo. Nguo haimkai. Nyonga ni pana mno. Bega la kulia limeshuka.

Vipimo vyake vilikuwa mezani, kwa mwandiko wangu. Sikuvitazama hata mara moja. Nilikata mwili ninaoujua. Nyonga za Mama kabla ya ugonjwa. Bega la Mama lililoshuka kwa miaka ya kuinamia cherehani.

Mama mdogo hakuelewa. Alisema nimechoka, mshipi utaficha. Nansubuga alikuwa akifanya mzaha tangu aingie. Nilipopiga magoti kupima upindo akasema, "Polepole, mwanangu, usimchome mama yako."

Mama mdogo akacheka. "Ameshaanza huyu."

Nilimchoma. Kifundoni, kidogo. Nikasema samahani. Haikuwa bahati mbaya.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimerudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni. Gomesi ilikuwa imetundikwa kwenye mlango wa chumba, bega moja chini. Nikasema, "Nimerudi."

Niliisema kwa sauti. Nikavua viatu, nikaweka mfuko mezani, ndipo nikasikia nilichosema.

Sikuogopa. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Nimekaa mbele yake hadi giza likaingia. Sikugusa uzi. Nikiiacha ilivyo, hakuna atakayejua. Mshipi utaficha nyonga kweli. Nansubuga atainuka mkekani, atageuka, na kwa hatua tano au sita Mama atatembea uani kwa mjomba. Namtaka. Nataka hizo hatua tano. Tangu Februari sijataka kitu kingine.

Nansubuga ni kitundikio tu. Nimeandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 8 Agosti

Alikuja peke yake mchana, moja kwa moja kutoka chuoni. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa ofisini. Nilimvika, nikamwambia ageuke dirishani.

Alikuwa Mama. Shingo, mgongo, lile bega. Nilishika ukingo wa meza. Sikumwambia ageuke tena. Nilimwacha asimame hivyo, sijui dakika ngapi.

Akasema bila kugeuka, "Dada, hii bega ni ya senga." Ndivyo alivyomwita Mama, shangazi yake.

Nikaachia ukingo wa meza.

"Hata juzi niliiona. Nikafanya mchezo tu." Alikuwa ameshika kitambaa pembeni kwa ngumi mbili. "Watu nyumbani wanasema nikishakaa pale, senga ataingia ndani yangu. Sasa mimi nitaenda wapi?"

Hakuuliza kwa mzaha. Mgongo ulikuwa unatetemeka, na mgongo wa Mama haukutetemeka hata siku ya mwisho. Nikamwona. Mtoto mwembamba ndani ya nguo ya mtu mwingine. Niliona haya hadi masikioni.

Nikamwambia avue. Nikachukua wembe, nikafumua bega, kisha mgongo wote, kisha pande mbili. Nilikuwa nalia na sikujificha. Alikaa sakafuni akiokota nyuzi. Nikampima upya, kila mahali, nikisoma kila namba kwa sauti, naye akiandika. Mabega yake yako sawasawa. Ana mgongo mfupi. Sikuwa nalijua hilo.

Nimemaliza kabla ya jua kuzama. Vilele vyote viwili vimesimama.

Mama ameondoka kwenye ile nguo. Nimemwondoa mimi, kwa mkono wangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Imefanyika. Walimfunga kitambaa cha gome la mti, vazi la mrithi, juu ya gomesi, begani. Alipoinuka, aliyetembea alikuwa Nansubuga, kwa hatua zake fupi, akiogopa kukanyaga upindo. Nilitazama hadi mwisho.

Zamu yangu ya kumwita Mama ilipofika nilipiga magoti. Midomo ilisogea. Sauti haikutoka. Mama mdogo aliona. Nansubuga naye aliona, akanishika mkono kana kwamba nimeshasema.

Jumatatu, 11 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Nansubuga amepita jioni akitoka chuoni, viatu vimelowa. Ana njaa. Amekula matoke yaliyobaki, akaosha sahani yake, akakaa sebuleni na Baba kutazama habari. Baba anamwita kwa jina lake.

Nilikuwa jikoni, mlango umerudishwa, nasubiri maji yachemke. Nikasema, "Mama." Polepole tu. Sijui nilikuwa namwita nani.

Sebuleni Nansubuga akaitika.

Nilisimama pale mpaka maji yakachemka. Kisha nikamuuliza kama anaweka sukari.