Watasema na Watalala Hawachinjwi

Kwako Baba yetu mpendwa, Oswaldi Fransisko wa Mollo.

Mwaka umetimia tangu ulale usiamke, Baba, na mvua za kwanza zimeanguka tena, kama zilivyoanguka siku ile watu walipokuwa wanakuchimbia kaburi na udongo unang'ang'ania majembe. Tumekaa nyumbani, mkeo Avelina na sisi wanao wawili, tukakubaliana kwamba hatutakuandikia yale maneno ya kuazima ya "pengo lisilozibika." Pengo limezibwa. Ameliziba Zita, mwanao wa kwanza, na kuna watu hapa Mollo ambao mpaka leo hawajamsamehe kwa hilo. Aliyeshika kalamu ni Salome, mdogo wake, lakini kila mstari tumeusoma na kuukubali wote.

Tuanze na maksai wako, maana wewe mwenyewe ungeanza nao. Wasiokufahamu wajue kwamba ulijaliwa mabinti wawili tu, na kwamba Zita alipofika darasa la sita ulimshikisha plau. Watu walisema. Walisema kwenye pombe ya ulezi, walisema kisimani, walisema mpaka mlangoni mwa kanisa wakiwa bado na rozari mikononi. Aliyesema kuliko wote alikuwa mdogo wako wa tumbo moja, baba yetu mdogo Alois. "Kaka amekosa dume," alisema, "sasa anataka kumgeuza huyu." Ulinunua ndama wawili, ukawahasi, ukawafundisha nira, halafu ukawapa majina: wa kulia Watasema, wa kushoto Watalala. Watasema mchana, usiku watalala. Kuanzia hapo kila asubuhi ya kulima uliwaita kwa sauti ya kuvuka kijito, na ng'ambo ya kijito ndiko iliko nyumba ya Alois. Mbwa naye ukamwita Hayawahusu, ili hata anayepita njiani apate chake.

Uliwajulia hali wao kabla yetu. Mama amelalamika miaka yote kwamba yeye "umeamkaje" yake ilikuwa ya tatu. Koti lako la kijivu lilikuwa na chumvi ya mawe kwenye mfuko wa kulia, na hakuna aliyeruhusiwa kulifua bila kukuuliza. Kabla ya kufunga nira ulipapasa shingo zao kwa vidole, polepole, ukitafuta mahali palipochubuka, na ukipaona siku hiyo hailimwi. Fimbo ulikuwa nayo, ila ya kuonyeshea njia. Jua likipanda ulifungua nira hata kama umebakiza mistari miwili, na mtu hakunywa maji kabla ng'ombe hawajanywa. Zita alipigwa kofi moja tu maishani mwake, siku aliyoivunja sheria hiyo.

Minza, jirani yetu, ametuomba tuandike na la kwake. Uchungu ulimshika masika, barabara imekuwa uji, bodaboda zimegoma. Wewe ulitandika godoro lako mwenyewe kwenye mkokoteni, ukamfikisha kwenye lami huku ukiwabembeleza maksai njia nzima wasimrushe. Mtoto yupo darasa la pili na anaitwa Oswaldi. Naye ni mkaidi.

Sasa tukueleze yaliyotokea ulipoondoka, maana tunajua ungeuliza.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, matanga hayajaanuliwa, Alois alisimama mbele ya ukoo akasema, "Nyumba hii sasa haina mwanaume. Ng'ombe wa kulimia hawakai na wanawake. Nawachukua nikawatunze." Mama alikuwa amejifunika kanga kichwani, hana nguvu hata ya kuinua uso. Wazee walitazama chini. Zita alikuwa amesimama na ndoo ya maji ya kuwapelekea maksai haohao. Aliwaona wakifunguliwa zizini, wakivutwa kwa kamba, akabaki na ndoo yake. Amejilaumu kwa kimya kile kuliko kwa jambo lolote maishani mwake.

Lakini Alois hakuwa amepiga hesabu ya majina. Maksai alikuwa nao, nira alikuwa nayo, shamba lilikuwa limelowa vizuri, ila angewaitaje? Mollo nzima ilijua majina yale yalimlenga nani. Mtu hawezi kusimama katikati ya shamba lake akajisema mwenyewe kwa sauti. Basi akawabatiza upya, mmoja Neema, mwingine Baraka. "Neema, twende! Baraka, vuta!" Maksai walisimama wanacheua, wakimtazama kwa adabu. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo. Siku ya tatu alikata fimbo ya kweli akawachapa, na mgongo wa Watasema ukapasuka, na Watalala akapiga magoti akalala kwenye mfereji wa plau na nira yake shingoni.

Zita alisikia fimbo kutoka upande wetu. Alivuka kijito na viatu vyake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekuja kucheka?"

"Nimekuja kuwachukua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya wao wenyewe. Wewe waite, na mimi niwaite. Watakayemfuata ndiye wa kukaa nao."

Majirani walikuwa wameshaacha majembe yao. Alois aliona haya kukataa, akaita Neema, akaita Baraka, akaita tena kwa hasira. Hakuna sikio lililotikisika. Zita hakupaza sauti, na hata angetaka asingeweza, ilikuwa imekauka kwa kulia msibani. Alisema tu, "Watasema. Watalala. Twendeni nyumbani, baba zangu." Watalala akanyanyuka na tope lake. Zita akafungua nira, akaiacha palepale kwa kuwa ilikuwa nira ya Alois, akaondoka bila kamba. Walimfuata mpaka zizini. Hakugeuka nyuma hata mara moja, maana machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka yule mzee ayaone.

Msimu ule alilima, Baba. Hatutakudanganya kwamba alilima vizuri. Zita kushika plau wewe ukiwa umesimama nyuma yake ni jambo moja, na kuishika peke yake ni jambo jingine. Plau iliruka kila ilipogusa kisiki, mpini ukampiga mbavuni, na mistari yake ya kwanza ilipinda mpaka watu wakaja kuitazama wakiwa na watoto wao. Katikati ya kazi aliwahi kukaa chini kwenye tuta akalia sana, akakulaumu kwa kufa msimu wa kulima. Halafu akawanywesha ng'ombe, akanywa yeye, akarudi. Kidonda cha Watasema alikiosha kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, mwezi mzima, na hakumfunga nira mpaka kilipofunga ngozi. Siku hizo alilima kwa jembe la mkono pamoja na Mama. Kilichotakiwa kupandwa kilipandwa, na mahindi tuliyokula mwaka huu yalitoka kwenye mistari ileile iliyopinda.

Tulidhani yameisha. Mwezi uliopita Alois alikuja na jipya. Alisema mwaka wa kaka yake hauwezi kupita kwa kuku na maharage kama kipaimara cha mtoto, lazima adondoke ng'ombe, na Watasema ameshazeeka, atafaa. Kumbe tayari alikuwa ameshamwita mchinjaji kutoka Sumbawanga mjini, ili na rafiki zako Waislamu wa stendi wapate kula. Ni Yunusu, yule mwenye duka la vipuri uliyezoea kumpelekea maziwa. Alifika pamoja na Alois, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, akamkuta Zita zizini anatoa kupe.

"Binti, pole kwa kumbukumbu ya mzee," alisema. "Ng'ombe ni yupi?"

"Hakuna ng'ombe wa kuchinjwa hapa, mzee Yunusu."

Yunusu akamgeukia Alois. "Ulisema familia imeridhia."

"Mimi ndiye mkubwa wa familia."

"Sikuuliza mkubwa. Mwenye ng'ombe ni nani?"

Hapo ndipo Mama aliposema. Mwaka mzima mkeo hakuwa amemjibu shemeji yake, na tulishaanza kufikiri kwamba hatamjibu milele. Alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwenye ng'ombe ni huyo anayenuka ng'ombe," alisema. "Wewe Alois nusa shati lako. Unanuka sabuni."

Yunusu alicheka mpaka akashika ukingo wa zizi. Kisha akaacha kucheka. "Mimi sichinji cha watu bila ridhaa. Nyama hiyo hata ikiiva itanikaba." Alirudi mjini na kisu chake kikavu, na Alois akaapa mbele yetu kwamba kwenye misa yako hatakanyaga.

Basi mvua zikanyesha. Alois hakuwa na wa kumlimia. Matrekta yalikuwa kwenye mashamba makubwa, wenye maksai wengine walikuwa na foleni, na mbegu yake imeshanunuliwa inakaa ndani. Jumanne iliyopita alikuja, kofia mkononi. Salome alikuwepo, amekuja likizo, naye angemfukuza, anakiri. Mama alirudi jikoni. Zita ndiye aliyemkaribisha kigoda, akamsikiliza, akaenda kufunga nira.

Walipofika ukingo wa shamba la Alois, Watalala alisimama. Alikumbuka. Alikaza miguu minne, akakoroma, na Watasema akasimama naye. Zita aliwaita, wakageuza masikio, lakini hatua hawakupiga. Ndipo alipotoa chumvi kwenye mfuko wa kulia wa koti lako, maana siku hizi linavaliwa na yeye, akaiweka kwenye kiganja cha Alois.

"Aliyewapiga ndiye atakayewaingiza, baba mdogo. Shika kamba mbele. Walambishe, uwaite."

Mbele ya maksai ni mahali pa mtoto, wewe unajua. Alois alitazama kulia na kushoto. Jirani upande huu, jirani upande ule. Akashika kamba. Watalala alimlamba chumvi yote mkononi, ila hakusogea.

"Neema," alisema Alois kwa sauti ya chini.

"Sio jina lake."

Alijifuta kiganja kwenye suruali. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeungama, "Watasema. Watalala."

"Hawasikii. Mzee alikuwa anawaita kwa sauti."

Baba, tunatamani ungekuwepo. Alivuta pumzi, mzee yule wa miaka sitini na mbili, akapaza sauti: "Watasemaaa! Watalalaaa! Twende!" Na maksai wakaingia. Mollo yote ilisikia, na vicheko vikatoka kila upande, ila Zita hakucheka. Alikuwa nyuma ameshika mpini, anaangalia mgongo wa Alois, na anasema kwamba mgongo ule ukiutazama kwa nyuma ni wako kabisa, na hata ile sauti ilikuwa yako. Alilima shamba lote la Alois kwa asubuhi tatu, mistari imenyooka, na kila siku alifungua nira jua lilipopanda. Siku ya mwisho Alois ndiye aliyewapelekea ng'ombe maji kabla ya yeye kunywa.

Kwa hiyo watu wasikie. Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii, saa nne asubuhi, kigangoni Mollo, na baadaye nyumbani kutakuwa na kuku, maharage, ugali wa ulezi na togwa. Nyama ya ng'ombe haitakuwepo. Anayeitamani sana, mabucha ya Sumbawanga yapo wazi siku zote. Watasema ni mzee kweli, na huenda huu ukawa msimu wake wa mwisho wa nira. Akichoka atapumzika zizini kwetu, atakula pumba, ataota jua, na siku yake ikifika atakufa kifo chake. Hatuombi ushauri wa mtu. Zita ameshaanza kumfundisha ndama wa kushika nafasi yake, na plau haitahamia nyumba nyingine.

Wanaokukumbuka: mkeo Avelina, ambaye sasa analalamika kwamba Zita naye anamsalimia wa tatu. Mwanao Zita, mkulima. Mwanao Salome, mwalimu. Minza na mtoto Oswaldi. Rafiki yako Yunusu wa stendi.

Na mdogo wako Alois. Alikuja jana kuomba jina lake litangulie, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Tumemweka wa mwisho. Mimi Salome nilitaka aachwe kabisa, na Mama alikuwa upande wangu. Zita alisema aandikwe, kwa kuwa shamba lake limelimwa.

Hutasahaulika, Baba, mvua kwa mvua. Plau yako ina mwenyewe.